Studio ya Uswahilini Haikuanza na Kompyuta

Simulizi iliyozoeleka kuhusu singeli huanza na programu: vijana wa Manzese na Mburahati waliipata FL Studio, wakaiongezea taarab kasi, muziki mpya ukazaliwa. Simulizi hiyo inaipa mashine sifa isiyo yake na inafuta nusu ya historia. Studio ya nyumbani ya Dar es Salaam ni mtoto wa mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia singeli, na mizizi yake iko kwenye kinanda kidogo cha Casio kilichotangulia kompyuta kwa miaka mingi.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Baada ya uhuru, vyombo vingi vya muziki wa dansi vilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki aliyehama aliliacha gitaa kwa mwenyewe. Aliyetaka kurekodi alielekea Radio Tanzania Dar es Salaam. Kompyuta nayo haikuwa njia, kwa kuwa mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuiingiza nchini. Casio ilianza kuuza vinanda vya Casiotone mwaka 1980, lakini kwa mkazi wa Tandale mlango ulifunguka hasa biashara ilipolegezwa katika nusu ya pili ya muongo ule. Kinanda hicho kilibebeka kwapani, kikatumia betri kavu, na hakikuhitaji kibali cha katibu wa bendi. Vikundi vya mtaani vilikiunganisha na spika za honi zenye mlio wa kukwaruza, vikakipigia ngoma zenye asili ya Uzaramo, na miaka ya 1990 ilipoanza mchiriku ulikuwa ukikesha Uswahilini. Jagwa Music, kundi la wakati huo, lilisubiri hadi mwaka 2012 ndipo albamu yake *Bongo Hotheads* ikatoka Ulaya.

Mwendo wa kukimbia, kinanda kinachorudia kipande kilekile, maneno ya mtaani yanayomiminwa juu yake: yote haya yalikuwepo tayari. FL Studio, iliyotoka Ubelgiji mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops, ilipofika vyumbani ilikuta kazi inaendelea. Prodyuza hukata kipande cha taarab ya kisasa, hukizungusha, hukiharakisha kupita mapigo 200 kwa dakika. Kwenye kigodoro, yaani sherehe ya mtaani ya kukesha, DJ huendesha biti kwa Virtual DJ huku emsii akighani. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo *Sounds of Sisso* kutoka studio ya prodyuza wa singeli Sisso, na wasikilizaji wa Ulaya wakaamini wamesikia kitu cha jana.

Wapo watakaosema kwamba mashine ndiyo huamua, kwa kuwa programu yenye kurudiarudia huzaa muziki wa kurudiarudia. Ushahidi unakataa. Huko Kingston, mdundo uliomo ndani ya Casio MT-40 ulizaa wimbo wa Wayne Smith, *Under Mi Sleng Teng*, mwaka 1985, na rege ikageuka. Vinanda vya kampuni hiyohiyo vilizaa mchiriku kwetu. Vijana wa Durban waliotumia FL Studio wametupa gqom, muziki mzito wenye mwendo wa chini sana kuliko singeli. Chombo kimoja, miji tofauti, matunda tofauti: kinachotofautiana ni masikio.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba singeli ni wizi wa taarab. Sehemu yake ni kweli: mpiga kinanda ambaye kipande chake kimekatwa anastahili jina na malipo, na kasi ya biti haifuti deni hilo. Lakini anayedai kwamba hapo hapana ufundi asahau basi na taarab ya kisasa yenyewe, ambayo ililaumiwa vilevile ilipoweka vinanda vya umeme mahali pa fidla na qanuni. Kujua ni kipande gani kitabeba ngoma nzima ni kazi ya sikio lililofunzwa.

Kanda za Radio Tanzania zimepata watetezi wa kuzihifadhi. Kaseti za mchiriku, na faili za singeli zilizobaki kwenye diski za kompyuta chakavu, nazo zinastahili watetezi. Taasisi zetu za utamaduni zianze kuzikusanya sasa, wakati waliozitengeneza bado wapo mitaani na wanaweza kutueleza nani alipiga nini.