Moyo Wote, Si Nusu: Tulikopata Wimbo Wetu



Katika sherehe hizi za jubilei tutaimba Tukutendereza mara nyingi, pengine kabla mwenyekiti hajamaliza salamu zake. Hata asiyejua Kiganda huuitikia, na kwaya huupokea kwa sauti zote nne. Ni vyema tukumbuke waliotuachia wimbo huu, na gharama waliyolipa ili wauimbe kwa kweli.

Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyehudumu katika hospitali ya Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa na kiu moja. Walisoma Neno na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 kundi la ndugu likafika Kabete, karibu na Nairobi. Mwaka 1949 mkutano mkubwa ulifanyika papo hapo Kabete, na Tukutendereza ukawa wimbo wa ndugu Afrika Mashariki nzima.

Makanisa hayakukosa watu. Kilichopungua ni moyo. Waumini waliijua amri ya Kumbukumbu la Torati 6, ambayo Bwana Yesu mwenyewe aliiita kuu, ya kumpenda Mungu kwa moyo wote. Lakini wengi walimpa Jumapili na kubakiza siku nyingine. Ndugu walifundisha kwamba moyo wote haupimwi kwa machozi wala kwa sauti kubwa. Hupimwa kwa kile ambacho mtu bado anakificha. Kwa hiyo walitubu waziwazi, wakarudisha walivyoiba, wakalipa madeni. Katika siku zile za ubaguzi wa rangi, wako wamisionari walioungama kiburi chao mbele ya Waafrika, wakaketi nao kama ndugu.

Jaribu kubwa lilikuja na Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Katika nchi ya Wakikuyu watu walitakiwa kula kiapo. Ndugu wengi walikataa, kwa kuwa waliokombolewa kwa damu ya Kristo hawangeweza kufungwa na damu nyingine. Serikali nayo ilipowataka washike bunduki, wengi walikataa vilevile: ungemhubirije mtu ambaye umejiandaa kumwua? Wakawa washukiwa wa pande zote mbili. Wako waliopigwa, na wako waliouawa. Hatusemi haya ili kuwahukumu waliokula kiapo. Ardhi ilikuwa imenyang'anywa kweli, na uchungu wao ulikuwa wa kweli. Tunasema tu kwamba ndugu hawa walikuwa na Bwana mmoja, wakakataa kumgawa.

Mwaka 1955, papo hapo Namirembe, Obadiah Kariuki, mmoja wa ndugu hao wa Uamsho, aliwekwa wakfu kuwa askofu pamoja na Festo Olang'. Hao ndio Wakenya wa kwanza kuwa maaskofu wa Kianglikana. Na viapo viliporudi mwaka 1969, nchi ikiwa tayari huru, Wakristo walisimama tena wakakataa.

Hii inatuhusu vipi sisi wa kwaya? Tusome Walawi 25. Katika mwaka wa hamsini mtumwa aliachwa huru, na aliyepoteza shamba la babake alirudishiwa. Tena tarumbeta ya jubilei haikupigwa siku yoyote tu. Ilipigwa siku ya upatanisho. Upatanisho na shangwe vilikwenda pamoja.

Basi kabla keki haijakatwa, aliye na deni la sare alilipe. Asiyesalimiana na mwenzake wa sauti ya tatu amtafute leo, asingoje mazoezi ya Jumamosi. Aliyeumizwa na uchaguzi wa viongozi aseme, na asikilizwe. Tunaweza kuimba vizuri bila kufanya haya. Makofi yatapigwa na kanda zitanunuliwa. Lakini wimbo huu tuliachiwa na watu walioulipia kwa maisha yao, na Mungu wanayemsifu hapokei nusu ya moyo.