App Inventor: Zana ya kutengeneza programu za simu bila kuandika msimbo

- Unapanga vitufe kwa kuburuta, unaunganisha maelekezo kama vipande vya fumbo, zana inakutolea programu.
- Ni bure, lakini wakati wa kutengeneza unahitaji kompyuta na intaneti.
- Pakua nakala ya mradi wako kila mara. Historia ya zana hii inaonesha kwa nini.

Mlola. Mkulima wa viazi mviringo wa Mlola, wilayani Lushoto, hahitaji digrii kujua kwamba lumbesa inamuumiza. Anachohitaji ni kujua inamuumiza kwa shilingi ngapi, na ajue palepale, kabla gunia halijapakiwa kwenye fuso.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa na programu ndogo ya simu. Na programu yenyewe inaweza kutengenezwa na kijana wa sekondari bila kuandika mstari hata mmoja wa msimbo, yaani yale maelekezo yanayoandikwa kwa lugha ya kompyuta. Zana ya kazi hiyo inaitwa MIT App Inventor.

App Inventor ni nini?

Ni zana ya mtandaoni ya kusanifu programu za simu kwa kuona na kuburuta. Ilianzia Google mwaka 2010, kazi ikiongozwa na Profesa Hal Abelson wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts (MIT) cha Marekani pamoja na Mark Friedman wa Google. Leo inaendeshwa na MIT na haina malipo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1988 kompyuta za NeXT zilikuja na Interface Builder, na mwaka 1991 Microsoft ikatoa Visual Basic. Zote zilimruhusu mtu kupanga vitufe kwenye kioo kwa kipanya badala ya kuandika vipimo vya kila kitufe. App Inventor imelileta wazo hilo kwenye simu na kumrahisishia anayeanza kabisa.

Inafanyaje kazi?

Ukiingia kwa akaunti ya Google na kufungua mradi mpya, unakutana na sehemu mbili.

Ya kwanza inaitwa Designer. Hapa unajenga sura ya programu. Kushoto kuna orodha ya vifaa: vitufe, maandishi, visanduku vya kujaza, picha, kamera na vinginevyo. Katikati kuna mchoro wa simu. Unashika kitufe, unakiburuta, unakiachia kwenye mchoro. Kulia unabadilisha rangi, ukubwa na maneno yake.

Maneno hayo unayaandika mwenyewe, hivyo programu inaweza kuongea Kiswahili au hata Kisambaa.

Sehemu ya pili inaitwa Blocks. Hapa unaipa programu akili. Maelekezo yapo kama vipande vya rangi vinavyoshikana: vya hesabu ni bluu, vya kusubiri tukio, kama mtu kubonyeza kitufe, vina rangi ya haradali. Kipande kisichostahili kukaa mahali fulani hakishiki. Hivyo yale makosa ya kusahau nukta au mabano, yanayowakatisha tamaa wanaoanza, hapa hayapo.

Mfano: Kikokotoo cha lumbesa

Sheria ya Vipimo nchini Tanzania hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo (WMA) ndiyo wenye kazi ya kuisimamia. Lumbesa ni gunia lililojazwa kupita hapo, kisha likauzwa kwa bei ya gunia moja.

Tuseme bei iliyokubaliwa ni Sh70,000 kwa gunia la kilo 100. Kila kilo ni Sh700. Gunia likipimwa likakutwa na kilo 130, mkulima ametoa kilo 30 bure. Mara Sh700, hiyo ni Sh21,000 imeondoka kwenye gunia moja tu. Kwa magunia 10 ni Sh210,000.

Kwa App Inventor, kikokotoo hicho kinahitaji vitu vinne tu kwenye kioo:

1. Kisanduku cha kujaza uzito wa gunia.
2. Kisanduku cha kujaza bei ya gunia.
3. Kitufe kilichoandikwa “Piga hesabu”.
4. Nafasi ya kuonesha jibu.

Kwenye sehemu ya Blocks unachukua kipande kinachosema kitufe kikibonyezwa, fanya hivi. Ndani yake unaweka hesabu: uzito toa 100, zidisha kwa bei iliyogawanywa kwa 100. Jibu linapelekwa kwenye nafasi ya nne. Basi.

Lakini mambo mawili yatakusumbua usipoyaangalia. Mtu akibonyeza kitufe bila kujaza kitu, programu itatoa ujumbe wa kosa, maana haiwezi kutoa 100 kutoka kwenye kisanduku kitupu. Na akiandika “elfu sabini” kwa maneno, itakwama vilevile.

Dawa ya la kwanza ni kipande cha sharti: kama kisanduku ni kitupu, mwambie mtumiaji ajaze. Dawa ya la pili ni kuwasha kwenye kisanduku mpangilio unaoitwa NumbersOnly, unaoruhusu namba peke yake.

Hapa ndipo ilipo kazi halisi. Zana inakupa kitufe kizuri kwa sekunde tano, lakini haijui kwamba mtumiaji wako anaweza kuwa mzee asiyeona vizuri, amesimama juani na simu yenye kioo kilichopasuka. Kuweka maandishi makubwa na kupunguza maneno ni uamuzi wako.

Pia kumbuka programu haipimi uzito. Mizani bado inahitajika.

Unajaribuje na kusambaza?

Wakati unajenga, unaweza kuona matokeo kwenye simu yako papo hapo. Unapakua programu inayoitwa MIT AI2 Companion, unaunganisha simu na kompyuta kwenye Wi-Fi moja, kisha unaskani msimbo wa QR unaotokea kwenye kompyuta. Ukibadilisha rangi ya kitufe kwenye kompyuta, inabadilika kwenye simu.

Ukimaliza, zana inakutengenezea faili la APK, ambalo simu ya Android inaliingiza kama programu nyingine. Unaweza kumtumia mtu kwa Bluetooth au WhatsApp. Simu itatoa onyo kwa sababu programu haijatoka Play Store, na onyo hilo lina maana: usiingize APK ya mtu usiyemjua.

Ukitaka kuiweka Play Store, unahitaji faili la aina nyingine linaloitwa AAB, ambalo App Inventor inalitoa pia, na akaunti ya mtengenezaji ambayo Google huitoza dola 25 za Marekani mara moja tu.

Vipi mtandao ukikata?

Kwa maeneo ya milimani hili ni swali la msingi. Jibu lina pande mbili.

Wakati wa kutengeneza, intaneti ni lazima, kwa sababu mradi unakaa kwenye seva za MIT na faili la APK linatengenezwa hukohuko. Kompyuta pia ni muhimu, maana kuburuta vipande kwenye kioo kidogo cha simu ni mateso.

Wakati wa kutumia, si lazima. Kikokotoo cha lumbesa kitafanya kazi hata pale simu isiposoma mtandao. Ukitaka kikumbuke hesabu za jana, kuna kifaa kinachoitwa TinyDB kinachohifadhi taarifa ndani ya simu yenyewe. Epuka CloudDB kwa kazi kama hii, kwa sababu hicho kinahifadhi mtandaoni.

Msimbo wenyewe uko wapi?

Wengi wanaoanza hawaulizi swali hili mapema. App Inventor inageuza vipande vyako kuwa programu, lakini haikupi msimbo wa Java au Kotlin ambao ungeweza kuufungua na kuuendeleza kwingine.

Zipo zana za kuona zinazokupa msimbo. Kwa mfano, Qt Designer inahifadhi sura uliyoichora kwenye faili linaloweza kugeuzwa kuwa msimbo wa C++ au Python. Android Studio, inayotumiwa na wataalamu, inaandika faili la XML huku wewe ukiburuta vitufe, na unaweza kulisoma na kulirekebisha kwa mkono.

Kwa hiyo kama lengo ni kutatua tatizo moja dogo au kujifunza kufikiri kama mtengeneza programu, App Inventor inatosha kabisa. Kama lengo ni ajira, ichukue kama ngazi ya kwanza, kisha hamia Android Studio.

Somo la mwaka 2011

Agosti 2011, Google ilitangaza kwamba inaachana na App Inventor. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huduma ikafungwa. Watumiaji walitakiwa kupakua miradi yao kabla ya siku hiyo. MIT waliipokea zana na kuifungua kwa umma Machi 2012, na toleo la pili likatoka Desemba 2013.

Waliokuwa na nakala waliendelea na kazi. Hili linahusu zana yoyote ya mtandaoni: unachojenga kwenye seva ya mtu mwingine kipo salama kadiri mwenye seva anavyotaka kuendelea.

Kinga yake ni rahisi. Kwenye menyu ya miradi kuna sehemu ya kupakua mradi kama faili la AIA. Lipakue kila unapomaliza kazi ya siku, uliweke kwenye flashi au ujitumie kwa barua pepe. APK pekee haitoshi, kwani haikuruhusu kurudi kubadilisha vipande vyako.

Vijana wa Afrika Mashariki wamo

Jijini Dar es Salaam, taasisi ya Apps and Girls iliyoanzishwa na Carolyne Ekyarisiima mwaka 2013 imekuwa ikiwafundisha wasichana kutengeneza programu na tovuti.

Nchini Kenya, wasichana watano wa sekondari kutoka Kisumu, waliojiita The Restorers, walifika fainali za dunia za mashindano ya Technovation huko California mwaka 2017. Programu yao, i-Cut, ililenga kuwaunganisha wasichana walio hatarini kukeketwa na msaada wa kisheria na kitabibu. App Inventor ni miongoni mwa zana zinazotumiwa na washiriki wa mashindano hayo.

Waliangalia tatizo lililo karibu nao, wakaanza nalo.

Anza hivi

Tafuta kompyuta, iwe ya shule au ya rafiki. Kabla ya kuiwasha, chukua karatasi uchore kioo cha simu na vitufe unavyotaka. Mwoneshe mtu atakayeitumia. Asipoelewa mchoro, hataielewa programu, na kufuta penseli ni rahisi kuliko kuanza upya huku bando linaisha.

Kisha fungua appinventor.mit.edu, jenga kitu kimoja kidogo kinachofanya kazi, na upakue faili la AIA kabla ya kufunga kompyuta.