Ombi la pamoja kwa serikali: namna ya kulipeleka

Wapendwa, manung'uniko yetu kisha ibada hayatengenezi daraja. Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serikali ombi, peke yake ao pamoja na wengine. Serikali inapaswa kujibu katika miezi 3, na mtu hawezi kushitakiwa kwa sababu aliandika.

Tufanye hivi:

1. Tuchague jambo moja: daraja lililovunjika, ao pesa zinazolipishwa bila risiti kwenye kizuizi cha barabara.

2. Tuandike tuliyoyaona: mahali, tarehe, kiasi. Uvumi tuuache.

3. Tukusanye sahihi, pamoja na za makanisa mengine. Penye watu wa silaha, wachungaji watie sahihi kwa ajili ya wote, mjane asijulikane.

4. Tupeleke kwa mwenye uwezo juu ya jambo hilo. Tubaki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa: ndiyo ushahidi wetu miezi 3 ikipita bila jibu.

5. Tusitume mgombea wa uchaguzi, wala tusibebe bahasha.

Nehemia aliomba Mungu, kisha akamwomba mfalme barua na miti. Alitaja hitaji lake wazi.