Kimelea cha malale na nukta iliyopotea

Hebu soma hii: AAUAAA. Haina maana yoyote, si ndiyo? Lakini seli zako zinaisoma muda huu huu, na zikiikosa unaweza kuugua.

Iko hivi. Jeni inapotumika, seli hunakili DNA yake kuwa RNA mjumbe, yaani karatasi ya maagizo ya kutengenezea protini. Nakala hiyo hutoka ndefu kupita kiasi. Lazima ikatwe mwishoni, kisha ibandikwe mkia wa herufi A tupu. Kwetu sisi binadamu ni A zipatazo 200. Sasa mkasi unajuaje mahali pa kukata? Mwaka 1976 Nicholas Proudfoot na George Brownlee, wakiwa Cambridge, walilinganisha miisho ya RNA za sungura, panya, kuku na binadamu. Karibu na mkia wakakuta herufi 6 zilezile: AAUAAA. Ndiyo nukta ya sentensi. Mwaka 1983 ikaonekana kwamba herufi ya mwisho ikigeuka G kwenye jeni moja ya himoglobini, mtu hupata aina ya thalasemia. Herufi moja tu!

Ungedhani basi kila kiumbe kina nukta hiyo. Wapi! Mimea huifuata kwa ulegevu, na hamira ina alama zake zenye A na U nyingi. Bakteria ndio kichekesho: kwao mkia wa A mara nyingi ni tangazo kwamba RNA hiyo iharibiwe.

Lakini aliyewashangaza wanasayansi kuliko wote ni tripanosoma, kimelea cha malale kinachosambazwa na mbung'o. Jeni zake hunakiliwa kwa mkupuo, nyingi kwenye uzi mmoja mrefu, kama aya isiyo na nukta hata moja. AAUAAA haipo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 iligunduliwa kwamba RNA zake huanza na kipande kilekile cha herufi 39, kinachotoka kwenye jeni nyingine kabisa na kuungwa mbele ya kila ujumbe. Muongo uliofuata fumbo la mkia nalo likafumbuka: mahali kipande hicho kinapoungwa ndipo panapoamua ujumbe uliotangulia ukatwe wapi. Yaani kimelea hajui sentensi imeisha mpaka aone herufi kubwa ya sentensi inayofuata.

Alama imebadilika hivyo, lakini mkasi je? Mkasi ni uleule wa kale. Kimeng'enya kinachokata kinaitwa CPSF3, na tunacho sisi, nacho kimelea anacho. Na hapa habari inageuka kuwa ya uhai na kifo. Kwa miongo mingi, malale yakishafika kwenye ubongo, tiba ilikuwa melarsoprol, dawa yenye aseniki iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Watafiti wakapata molekuli mpya, akoziborole, iliyoua kimelea vizuri, ila haikujulikana inapiga wapi. Jibu lilikuja 2018: inaziba CPSF3. Mkasi ukikwama, ujumbe haukatwi, na kimelea anakufa.

Utauliza, mbona haiuzibi na mkasi wetu? Swali zuri, maana vimeng'enya hivi ni ndugu. Inaonekana tofauti iko kwenye asidi amino moja. Mahali dawa inapokaa, sisi tuna tairosini, ambayo ni nene na inaiziba nafasi. Kimelea ana asparajini, ndogo zaidi, na dawa inapenya.

Katika majaribio yaliyofanyika Kongo na Guinea, watu 208 walimeza vidonge 3 mara moja tu. Miongoni mwa waliokuwa katika hatua ya mwisho ya malale, asilimia 95 walihesabiwa kuwa wamepona baada ya miezi 18. Wote walikuwa na malale ya gambiense, yale ya Afrika ya Magharibi na Kati. Yale ya rhodesiense, ya upande wetu wa mashariki, hayakuwamo katika majaribio hayo, ingawa kimelea wake naye huandika bila nukta.