Karatasi ya Kujenga Shule katika Kasongo na Kabambare

Matofali yamekwisha kuchomwa. Wazazi waliyafyatua wakati wa kiangazi, akina mama wakateka maji, vijana wakakata kuni za tanuru, na sasa yamepangwa kando ya darasa la zamani, lile la fito na udongo ambalo ukuta wake mmoja umelala. Kila mtu yu tayari. Ndipo afikapo mjumbe wa ofisi na kuuliza neno moja tu: «Karatasi iko wapi?» Msomaji wa Kasongo au wa Kabambare ameliona jambo hili, au amelisikia kwa jirani. Wako wasemao kwamba karatasi hiyo ni werevu wa watu wa ofisi wa siku hizi. Sivyo. Mizizi yake ina zaidi ya miaka mia, na yafaa tuichimbe kidogo.

Zamani za Waungwana, aliyetaka kujenga alimwendea mwenye nchi. Si kwamba watu hawakujua kuandika. Katika Kasongo ya Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed, barua na hesabu za biashara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na watoto walisoma Kurani barazani. Lakini kiwanja kilikuwa jambo la mdomo na la macho. Mgeni aliomba, akatoa zawadi yake, wazee wakamwonyesha mpaka: mti huu, kijito kile. Mashahidi walikuwa wengi, na walikuwa hai.

Sasa angalia tarehe. Tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili ilitoa amri kwamba nchi yote iliyo tupu ni mali ya Serikali. Askari wa Dhanis waliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893. Maana yake, karibu miaka minane kabla askari wa Bula Matari hawajaiteka Kasongo, ardhi yake ilikuwa imekwisha kugawanywa juu ya karatasi. Na nchi tupu ni ipi? Kwa Mbangubangu au Mkusu, shamba lililopumzishwa si tupu. Lina mwenyewe, nalo lingoja zamu yake. Kwa mwandishi wa amri, pasipo nyumba wala mazao hapana mtu. Kutoelewana huko hakujaisha hata leo, na kila kiwanja cha shule kimekaa juu yake.

Mapatano makubwa ya kwanza juu ya shule yalifanywa tarehe 26 Mei 1906, kati ya Kiti Kitakatifu na Dola ya Kongo. Serikali ilikubali kuzipa misioni za Kikatoliki ardhi bila malipo, hekta 100 kwa kila misioni, hata 200 kwa kadiri ya mahitaji na ukubwa wa misioni. Misioni kwa upande wake zilipaswa kuanzisha shule kila ilipowezekana, na kumpelekea Gavana Mkuu habari za masomo yatakayofundishwa. Ardhi ile haikuruhusiwa kuuzwa. Ilikuwa kwa kazi ya misioni tu. Basi ruhusa ya kwanza ya kujenga shule ilikuwa namna ya biashara: wewe nipe shule, mimi nitakupa ardhi. Ilikuwa biashara nzuri kwa pande mbili zilizotia sahihi. Upande wa tatu, yaani wazee wenye nchi, hawakuwapo mezani. Tusifiche pia kwamba mapatano yale hayakuwahusu Waislamu, na katika Kasongo, penye Waislamu wengi kuliko karibu mahali po pote pa Kongo, mzazi Mwislamu aliona shule na ubatizo vikikaa katika kiwanja kimoja. Wengi waliogopa, wakawaweka watoto nyumbani. Hasara ya jambo hilo tuliiona kwa miaka mingi.

Mapadri Weupe walipojenga misioni zao katika Maniema ya kusini, hekta zile zilipimwa na kuandikwa. Lakini shule za vijijini, zile za katekista, ndizo zilizokuwa nyingi, nazo mara nyingi zilisimama juu ya neno la chifu tu. Nani angeomba hati kwa ajili ya kibanda cha fito na nyasi kitakachooza baada ya mvua chache? Kibanda kikaoza, kikajengwa kingine palepale, na kingine tena. Neno la chifu liliendelea kutosha maadamu chifu na wajukuu wake walikumbuka. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ugonjwa wetu ulipoanzia. Misioni ilikuwa na karatasi. Kijiji kilikuwa na kumbukumbu.

Tokea miaka ya 1925 na 1926 Serikali ya Ubelgiji ilianza kuzipa shule za misioni msaada wa fedha, na pamoja na fedha wakaja wakaguzi. Mwaka 1947 uliundwa Mfuko wa Ustawi wa Wenyeji, uliojenga shule na zahanati za matofali mashambani, kisha ukafuata Mpango wa Miaka Kumi wa 1949. Amri ya tarehe 20 Juni 1957 ikaweka kanuni za mipango ya miji.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na mwaka 1964 uasi wa Simba ukapita Maniema kama moto wa nyasi. Kisha zikaja sheria zilizobadili kila kitu. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni mali ya Serikali. Raia hupewa haki ya kuitumia. Kuhusu ardhi za wanavijiji, sheria ileile iliahidi kwamba amri ya Rais itaeleza haki zao. Miaka mingi ilipita bila amri hiyo kutolewa. Mwisho wa 1974 Serikali ya Mobutu ilichukua shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikazirudisha mikononi mwao kwa mapatano, wazisimamie kwa niaba ya Serikali. Tazama basi fundo lililofungwa: hati ya zamani ina jina la misioni, shule ni ya Serikali, msimamizi ni Kanisa, matofali ni ya wazazi, na kiwanja, wasema wajukuu wa chifu, ni chetu.

Karatasi yenyewe iulizwayo leo yatokana na kanuni ya tarehe 22 Oktoba 1988, iliyofuatwa na nyingine ya tarehe 26 Juni 2013. Neno lililo kubwa ndani yake ni «vifaa vya kudumu». Atakaye kujenga kwa tofali na simenti na manjanja, au kubadili jengo la namna hiyo katika kuta na mihimili yake, aombe kibali kwanza. Maombi yataka hati ya ardhi, michoro ya jengo, na malipo. Kupaka chokaa au kubadilisha mlango si kazi ya kibali; kubomoa ukuta ili madarasa mawili yawe moja ni jambo jingine.

Mimi sisemi kwamba kanuni hii ni mbaya. Aliyewahi kuona ukuta wa pembe tatu ulio chini ya paa ukiwaangukia watoto, au korongo likila msingi wa darasa, hatacheka michoro. Lakini fikiri hali ya Kabambare. Shule ya udongo haiulizwi neno, hata ikiwa imeinama. Shule imara ndiyo isimamishwayo. Hati ya ardhi yaombwa mahali ambapo hapakupimwa kamwe. Makao makuu ya jimbo yako Kindu, na barabara wakati wa masika twaijua sote. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, watoto wamejaa hata madirishani, na katika mpango wa Serikali wa teritwari 145, Kasongo na Kabambare nazo zimehesabiwa. Madarasa yanatakiwa. Matofali yangojayo karatasi hunyeshewa, na kama hayakuiva vizuri hurudi kuwa udongo.

Katika kijiji kimoja niliwahi kukaa kikaoni siku nzima kwa ajili ya kiwanja cha namna hiyo. Mjumbe hakuwa mtu mbaya. Alisema, nileteeni maandishi ya mpaka, hata ya mkono, yenye sahihi za chifu na majirani, nami nitayapeleka kwa mpimaji. Basi tukatoka nje. Mzee mmoja alisema mpaka ulikuwa mwembe, mmoja wa ile iliyopandwa kando ya njia ya misafara ya Waungwana. Mwembe haukuwapo, upepo uliuangusha zamani. Mzee akatembea polepole kwa fimbo yake, akipapasa majani kwa mguu, mpaka akakipata kisiki. Mwalimu mkuu akapiga magoti, akapima kwa kamba toka kisiki hadi pembe ya darasa, akaandika katika daftari la shule: hatua 62. Wazee watatu wakatia dole gumba. Wa nne akakataa, akasema baba yake alimwambia mpaka ni kijito, si mwembe, na jua likazama wakiwa bado kisikini wakibishana.