Kivuli, Mwanga na Nuru: Historia ya Istilahi za Mwanga wa Mimea katika Karagwe na Kyerwa

Mfasiri apewaye karatasi ya maelekezo juu ya taa za LED za kukuzia miche hukwazwa mapema na neno moja, nalo ni lile linalotaja kiasi cha mwanga kinacholifikia jani. Aghalabu hulifasiri kwa "ukali wa mwanga", akaendelea na kazi yake. Makala hii yakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo, ingawa haina kosa la sarufi, imebeba ndani yake historia ya jua na moto, na kwamba historia hiyo yaweza kumharibia mkulima miche yake. Tumechagua wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kwa kuwa huko yamekutana mambo matatu: kivuli cha kale cha kibanja, mche uliozaliwa chini ya taa, na neti ya kivuli inayotajwa kwa asilimia. Msomaji akumbuke kuwa Kyerwa ilikuwa sehemu ya Karagwe hadi 2012. Kwa hiyo tusemapo Karagwe kabla ya mwaka huo twazitaja zote mbili.

Wanyambo huliita shamba la migomba linaloizunguka nyumba ekibanja, nasi katika Kiswahili cha mkoa huo twasema kibanja. Wanaisimu wa lugha za Kibantu wamekwisha kuonyesha kuwa neno hilo ni ndugu wa uwanja na kiwanja vyetu. Lakini tazama jinsi ndugu hawa walivyoachana: kiwanja cha pwani ni mahali peupe, pasipo mti, jua lipigapo moja kwa moja, kibanja cha Karagwe ni mahali ambapo jua halifiki chini ila kwa ruhusa. Juu kabisa husimama mti mmoja mmoja, kama vile mutoma, ambao gome lake lilitoa nguo, au msizi. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya mibuni maharage. Buni ya robusta ilikuwako huko kabla ya Wajerumani na Waingereza, nayo ilichemshwa, ikakaushwa na kutafunwa, na mgeni alikaribishwa kwayo. Serikali za kikoloni zilikuza zao ambalo watu walikuwa wanalo tayari, pamoja na kivuli chake.

Kwa mintarafu ya istilahi, la kuzingatiwa ni hili: mwenye kibanja ndiye meneja wa mwanga, na chombo chake ni panga. Anapokata majani makavu ya mgomba, anapong'oa machipukizi yaliyozidi, anapopogolea tawi la msizi, anaugawa mwanga baina ya wapangaji wa nyumba yenye ghorofa nne. Kazi hiyo yote imeelezwa kwa vitenzi. Nomino iliyopo ni kivuli, nacho huwa kizito au chepesi, tena huhama pamoja na jua. Kinyambo kinalo pia neno omushana, ndugu wa mchana wetu, libebalo jua pamoja na wakati wake. Hakuna aliyehitaji kusema kivuli ni kiasi gani kwa hesabu, kwa sababu jicho na mkono wa mwenye shamba vilitosha.

Wakati huo Kiswahili chenyewe kilikuwa kinasanifiwa mbali na migomba hiyo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi 1930, na kamusi yake sanifu iliyosimamiwa na Frederick Johnson ikatoka 1939. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1970. Katika miongo iliyofuata zilitungwa istilahi za sayansi kwa wingi, na mojawapo iliyokwisha kuota mizizi ni usanidinuru, yaani kazi ya jani kujitengenezea chakula kwa msaada wa jua. Hapo waundaji walichagua nuru, wakaacha mwanga. Tukisema kweli, hatudhani kuwa walikuwa wanaziwazia taa za miche. Lakini uchaguzi wao ulikuwa mwema kuliko walivyojua. Mwanga lina pacha wake mbaya, yule mchawi arukaye usiku, ambaye wingi wake ni wanga, na wanga tena ni chakula kilichomo ndani ya ndizi. Mwalimu wa darasa la sita anayejaribu kueleza kuwa mwanga huzaa wanga anajua taabu tunayoisema. Nuru haina mzigo huo, haibadiliki kwa wingi, tena huungana na maneno mengine bila ubishi.

Badiliko kubwa lilikuja katika miaka ya 1990. Migomba ya Kagera ilikuwa imedhoofika kwa fukusi, minyoo ya mizizi na uchovu wa udongo. Kati ya 1997 na 2002 mradi wa maendeleo ya jamii uliofadhiliwa na Ubelgiji, ujulikanao kwa ufupisho wake KCDP, ulileta mkoani aina mpya za migomba, zikiwemo zile za FHIA kutoka Honduras, kwa njia ya miche ya tishu iliyozalishwa katika chuo kikuu cha Leuven. Ulipoingia mnyauko wa bakteria wa migomba mwaka 2006, haja ya miche safi ilizidi.

Mche wa tishu ni kiumbe kigeni katika kibanja. Umekulia chupani, juu ya rafu, chini ya taa ndefu za mirija ambazo watu huziita tyubu. Chumba cha namna hiyo huwa na mwanga wa luksi 2,000 au 3,000 hivi, na jua la adhuhuri lisilo na wingu hufikia luksi 100,000. Basi mche huo umeonja labda sehemu moja ya arobaini ya jua la Karagwe. Ukitolewa chupani ukapandwa uwanjani siku hiyo hiyo, jani lake huungua na kukauka. Hapana budi uzoeshwe hatua kwa hatua ndani ya kitalu, chini ya nyasi au neti.

Hapa ndipo hesabu ilipoingia katika kivuli, na hapa ndipo makosa ya tafsiri yalipopata nafasi. Neti huuzwa kwa asilimia, na asilimia hiyo ni ya jua linalozuiwa. Neti ya 70 hupitisha 30. Lakini mfasiri akiandika "mche upewe mwanga wa asilimia 70", naye alikusudia kivuli cha asilimia 70, amegeuza agizo juu chini: mche uliopaswa kupata luksi 30,000 sasa wapata 70,000. Hata "kivuli cha asilimia 50", ambacho kwa bahati hakidhuru kikigeuzwa, humzoeza msomaji kutojali upande. Rai yetu ni kwamba karatasi yoyote ya ugani itaje tendo waziwazi, kwa kufuata desturi ya kibanja ya kutumia vitenzi: neti izuiayo asilimia 70 ya jua, au neti ipitishayo asilimia 30. Maneno yameongezeka mawili matatu. Si gharama kubwa kwa kitalu kizima.

Sasa taa za LED. Diodi ya kwanza yenye kutoa mwanga mwekundu uonekanao ilitengenezwa na Nick Holonyak, Mmarekani, mwaka 1962. Diodi ya buluu yenye nguvu ilichelewa hadi miaka ya 1990, na Wajapani watatu walioifanikisha, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia 2014. Zilipopatikana rangi hizo mbili, ambazo jani huzitumia vizuri sana, taa hizo zikaanza kuchukua nafasi ya tyubu katika vyumba vya tishu. Zaidi ya yote, upande wake utazamao mche hauna joto kali. Balbu ya waya haikuweza kusogezwa karibu na jani. Ubao wa LED waweza kukaa juu ya mche kwa urefu wa mkono, na rafu kupangwa moja juu ya nyingine katika chumba kidogo.

Ukosefu huo wa joto ndio unaoliangusha neno ukali. Katika Kiswahili, jua kali huunguza kabla halijang'aa. Ndivyo masikio yetu yalivyo. Anayeambiwa kuwa "mwanga ni mkali mno" huweka kiganja chake penye jani, na akiona hapana joto, hutosheka. Kwa balbu ya zamani kipimo hicho kilikuwa cha akili. Kwa LED kiganja hakisemi kitu, na jani hupauka huku mkono ukishuhudia kuwa mambo ni shwari.

Jicho nalo halifai kuwa shahidi. Luksi ni kipimo kilichotungwa kwa kufuata jicho la mwanadamu, ambalo huona vyema rangi ya kijani na manjano, nalo huona hafifu nyekundu na buluu za mwishoni. Taa ya zambarau yaweza kuonyesha luksi chache huku mmea ukishiba kupita kiasi. Mwaka 1972 mtaalamu K. J. McCree wa Texas alichapisha vipimo vya jinsi majani ya mimea mbalimbali yanavyotumia kila rangi, na tangu hapo nuru ya mmea huhesabiwa kwa mikromoli za chembe za nuru kwa kila mita ya mraba katika sekunde. Jua kamili ni kama 2,000.

Kwa hiyo twapendekeza mgawanyo ufuatao. Mwanga ubaki kuwa wa jicho, na kipimo chake luksi. Nuru iwe ya jani, na tuseme "kiwango cha nuru" kwa kile kinacholifikia kwa sekunde, na "jumla ya nuru ya siku" kwa kile kilichokusanywa mchana mzima. Tofauti hiyo ina manufaa: mikromoli 100 kwa saa 16 ni jumla ya moli 5.76, nayo ni jumla ile ile itolewayo na mikromoli 200 kwa saa 8. Mwenye chumba finyu asiyeweza kuinua taa aweza basi kuififiza na kuiacha iwake muda mrefu zaidi. Kitenzi kufifiza tunacho tangu zamani. Kifaa chake, kinachopunguza umeme au kuuwasha na kuuzima upesi kuliko jicho liwezavyo kutambua, kingeweza kuitwa kififishi.

Umbali wataka uangalifu wa pekee. Vitabu vya fizikia hufundisha kuwa ukipunguza umbali kwa nusu, mwanga huongezeka mara nne. Kanuni hiyo ni ya chanzo kidogo kama nukta. Ubao wenye upana wa rafu nzima, ukiwa karibu, haufuati hesabu hiyo. Huongeza kidogo kuliko hivyo, na miche ya kandoni hupata nuru pungufu kuliko ya katikati. Mfasiri asinakili jedwali la taa moja na kulipachika kwenye karatasi ya taa nyingine.

Lipo bado neno la ile kazi ya kuuhamisha mche kutoka rafuni hadi kibanjani. Wengine huandika "kukomaza miche", wengine "kuizoesha jua". Sisi twapendelea la pili, kwa kuwa mche haukomai kwa umri katika majuma hayo, ila hujifunza jua. Orodha ya msamiati wa Kinyambo aliyoitoa Josephat Rugemalira mwaka 2002, yenye Kiswahili na Kiingereza kando yake, ingefaa kupekuliwa kabla ya kuamua, kwa maana watu waliogawa mwanga kwa panga kwa vizazi vingi huenda wanacho kitenzi kimoja chepesi kuliko maneno yetu mawili.