Mizani ya Mtihani Mlangoni pa Chuo cha Biashara

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatangazwapo, nyumba nyingi za Tunduma, Vwawa na Mlowo huingiwa na furaha ama na simanzi. Mzazi aliyeuza kahawa yake ili mwanawe apate kusoma huulizwa na jirani neno moja tu: "Amepata ngapi?" Na kwetu huku mpakani, ambako biashara imekuwa kama jembe la pili, vijana wengi hutamani kuingia katika vyuo vya biashara. Kwa hiyo twaona yafaa tutazame habari za zamani, tupate kujua mtihani uliwekwaje kuwa bawabu wa mlango, na wale waliojaribu kumwondoa bawabu huyo waliona nini.

Asili ya jambo hili ni ya kale sana. Katika nchi ya China, tangu karne ya 7, wafalme walianza kuwachagua maofisa wao kwa mtihani wa kuandika, ili kazi za serikali zisiwe urithi wa jamaa wakubwa peke yao. Baadaye wakaona kwamba msahihishaji aweza kumpendelea mtoto wa rafiki yake. Basi majina yakafunikwa, na majibu yakanakiliwa upya na makarani, hata mwandiko wa mtu usitambulikane. Desturi ile ilidumu hata mwaka 1905. Tuitazamapo, twaona kwamba mtihani haukubuniwa ili kumwonea maskini, bali kumkinga na upendeleo. Na hata leo mtoto wetu aingiapo chumba cha mtihani huandika namba, wala haandiki jina la baba yake.

Huko Uingereza, chuo kikuu cha Cambridge kilianza mwaka 1858 kuzitahini shule zilizo nje yake, na kwa njia hiyo mtihani wake ukafika hata kwetu. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, vijana wetu wa sekondari walikuwa wakipimwa kwa mtihani wa Cambridge. Mwaka 1971 Tanzania ilijitenga na mtihani wa pamoja wa Afrika Mashariki, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Katika miaka hiyohiyo nchi ilihitaji sana watu wa kutunza hesabu na kuendesha maduka na mashirika. Ndiyo sababu Chuo cha Elimu ya Biashara kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1965, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kikafuata mwaka 1972. Milango ilikuwa michache, na waliobisha hodi walikuwa wengi.

Ndipo lilipotokea jambo kubwa. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba alama za mtihani pekee hazitoshi kumpeleka kijana chuo kikuu. Amalizaye kidato cha sita alipaswa kwanza kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi kwa muda wa miaka miwili hivi, na apate barua ya sifa kutoka kazini kwake na katika chama. Nia ilikuwa njema, maana mtihani hauwezi kupima bidii wala utu. Walakini, baada ya muda mfupi ilionekana kwamba wasichana wanaofika chuo kikuu wamepungua, hata ikabidi wao waondolewe sharti la kungoja. Sharti lenyewe likalegezwa kidogo kidogo, na katika miaka ya 1980 likaachwa. Tena yafaa tufikiri: barua ya sifa huandikwa na mtu, na mtu ana ndugu na marafiki. Mtoto wa mkulima wa Ileje asiyejulikana na mkubwa yeyote, nani atamwandikia?

Wala si sisi tu tuliopita njia hii. Katika Marekani, vyuo vikuu vichache vya biashara vilishauriana mwaka 1953, na mwaka 1954 ukaanza mtihani mmoja wa kuwapima wote watakao masomo ya juu ya biashara. Mtihani huo wajulikana leo kwa herufi GMAT, na kwa muda mrefu alama zake zilihesabiwa toka 200 hata 800. Chuo cha biashara cha Harvard kiliacha kuudai mwaka 1985, lakini katika miaka ya 1990 kikaurudia. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia watu kukusanyika, vyuo vingi vikausamehe tena. Hivyo hata matajiri wa elimu hawajamaliza shauri hili.

Basi tuseme nini? Wakulima wa Mbozi wanajua kazi ya mizani. Mizani husema uzito wa gunia, lakini haisemi ladha ya kahawa, na kwa hiyo huitwa waonjaji. Hata hivyo hakuna mkulima mwenye akili asemaye, "Tuitupe mizani, mnunuzi akadirie kwa macho." Tumewaona sokoni Tunduma wasichana wageuzao kwacha kuwa shilingi kichwani kabla mteja hajafungua mkoba, nao hesabu iyo hiyo iliwashinda darasani ilipoandikwa kwa Kiingereza. Hao hawakukosa akili ya biashara. Walikosa lugha ya karatasi, na hilo ni jambo la kufundishwa, wala si la kuhukumiwa.

Tena wazazi wafahamu kwamba mlango si mmoja. Aendaye moja kwa moja chuo kikuu hudaiwa masomo mawili makuu ya kidato cha sita yenye jumla ya pointi 4. Lakini mwenye ufaulu wa masomo manne tu katika kidato cha nne, yasiyo ya dini, aweza kuanza na astashahada, kisha stashahada, hata afike shahada. Chuo cha Elimu ya Biashara chenyewe kina tawi Mbeya, mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Tunduma. Ni ngazi ndefu, lakini ni ngazi.

Kwa hiyo, enyi wazazi, msimwite mtoto mjinga kwa ajili ya karatasi moja, wala msimfundishe kuidharau karatasi hiyo. Nasi walimu tukumbuke kwamba tuna deni: tuwafundishe watoto lugha watakayoulizwa kwayo kabla siku ya kupimwa haijafika. Mizani ikiwa ya haki, na gunia likajazwa vema shambani, mwenye gunia hana haja ya kumjua mpimaji.